Kuwania kiti cha mwakilishi wadi: anza kazi kabla ya kampeni

Kenya ina wadi 1,450, na karibu katika kila moja kuna mtu aliyeanza kuitwa "mheshimiwa" kabla hajachukua hata fomu. Anachangia kila matanga, sura yake imebandikwa nyuma ya bodaboda, na ukimuuliza bajeti ya kaunti hupitishwa mwezi gani, anacheka na kubadilisha mazungumzo. Mwongozo huu si wake. Ni wa mtu mwenye nia ya kuwakilisha wadi yake, ambaye mfuko wake si mzito, na anataka kura zitokane na kazi aliyoifanya pamoja na majirani zake. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Mifano yangu mingi ni ya Kilifi, lakini sheria ni zile zile kuanzia Lamu yenye wadi 10 hadi Nairobi yenye 85.

Hatua ya kwanza: ijue kazi unayoiomba

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaeleza kazi ya mwakilishi wadi kwa maneno machache. Awe karibu na wapiga kura na kushauriana nao juu ya mambo yaliyo mbele ya bunge la kaunti. Apeleke maoni yao bungeni. Ahudhurie vikao. Awe kiungo kati ya wananchi na bunge hilo kuhusu huduma wanazopewa. Kisha sheria hiyo hiyo inamkataza kujiingiza katika utendaji wa serikali ya kaunti, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Hajengi barabara, hatoi tenda, haajiri wauguzi. Anatunga sheria za kaunti, anapitisha au kurekebisha bajeti, na anamwuliza gavana na mawaziri wake pesa zimekwenda wapi. Mwakilishi ambaye kampuni ya shemeji yake ndiyo inayojenga choo cha soko hawezi kuuliza kwa nini choo hicho kina nyufa.

Halafu soma Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili. Hapo ndipo zilipoorodheshwa kazi za kaunti: zahanati na vituo vya afya, ambulansi, uzoaji taka, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko na leseni za biashara, barabara za kaunti, taa za barabarani, maji na usafi, kilimo, majosho ya mifugo, uvuvi, zimamoto. Shule za msingi na sekondari hazimo. Polisi hawamo. Barabara kuu hazimo, wala vitambulisho vya taifa.

Pwani kuna jambo jingine ambalo wagombea hulichezea kila uchaguzi, nalo ni hatimiliki. Maelfu ya familia zinaishi kwenye ardhi ambayo karatasi zake ziko mikononi mwa mtu asiyeonekana, na hakuna ahadi inayopigiwa vigelegele kama "nitawaletea hatimiliki." Usajili wa ardhi na utoaji wa hati ni kazi ya serikali ya kitaifa, kupitia wizara ya ardhi. Kaunti ina nafasi yake, ila ni finyu: mipango ya matumizi ya ardhi, upimaji wa mipaka, na kushikilia kwa niaba ya jamii ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, kama Kifungu cha 63 cha Katiba kinavyosema. Mwambie mpiga kura hivyo hivyo. Unaweza kuahidi kuisaidia jamii kuandaa madai na kuyapeleka kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, au kuibana idara ya ardhi ya kaunti itoe ramani. Hati yenyewe si yako kutoa. Utapoteza makofi ya jioni moja, na kuna wazee watakaokukumbuka kwa kuwa hukuwadanganya. Hao wazee wana watoto na wajukuu wenye kura.

Hatua ya pili: hakikisha unaruhusiwa

Hili lisikupotezee muda, lakini usiliache hadi mwisho. Kifungu cha 193 cha Katiba kinataka uwe mpiga kura aliyesajiliwa, uwe umekuwa raia kwa angalau miaka kumi kabla ya uchaguzi, usiwe umetangazwa kufilisika, usiwe unatumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na usiwe umepatikana kutumia vibaya ofisi ya umma. Katiba haisemi lazima usajiliwe kupigia kura katika wadi unayoiwania. Hata hivyo nenda ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lako uhamishe usajili ikiwa uko kwingine. Ni aibu kuomba kura ya wadi ambayo wewe mwenyewe huwezi kuipigia.

Sharti la shahada ya chuo kikuu kwa wawakilishi wadi lilitupiliwa mbali na Mahakama Kuu mwaka 2021, kwa hiyo asikutishe mtu kwa hilo. Ukiwa mtumishi wa umma, mwalimu wa serikali au muuguzi kwa mfano, sheria inakutaka ujiuzulu miezi sita kabla ya siku ya kura, yaani mapema Februari 2027. Fanya hesabu ya kodi ya nyumba na karo ya watoto kwa miezi hiyo kabla hujaandika barua. Wapo walioiandika kwa furaha na kuijutia Machi.

Andaa pia fomu ya kujieleza kuhusu maadili chini ya Sura ya Sita ya Katiba, ambayo Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi huikagua. Vyama vingi huongeza matakwa yao: cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, cha kulipa kodi, cha mkopo wa elimu ya juu. Vitafute mapema. Mwaka wa uchaguzi foleni za vyeti hivyo huwa ndefu nchi nzima.

Hatua ya tatu: sikiliza kwa daftari

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo inayomtenganisha mgombea wa jamii na mgombea wa mabango. Nunua daftari gumu. Gawa wadi yako kwa vijiji au mitaa, kila kijiji kurasa zake. Kisha uende kwa watu pale walipo tayari, usiwaite waje kwako. Ukiitisha mkutano wako mwenyewe, watakuja wanaotarajia nauli. Ukiketi mwisho wa kikao cha chama cha akina mama baada ya mchango kuhesabiwa, utasikia mambo ambayo hayatasemwa barazani mbele ya chifu. Nenda stendi ya bodaboda saa nne asubuhi wakati abiria ni wachache. Nenda bandari ya wavuvi boti zinaporudi na samaki anapimwa. Nenda zahanati siku ya kliniki ya watoto, ukae kwenye benchi kama wengine. Msikitini na kanisani salimia nje baada ya ibada. Ndani si mahali pa siasa.

Uliza maswali yasiyozidi matatu. Ni kitu gani hapa kinawasumbua ambacho serikali ilisema itakitengeneza? Nani alikuja kuwaambia, na lini? Wangepewa mradi mmoja tu, wangechagua upi? Swali la pili lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu linakupa jina la mradi na mwaka, na ukiwa na hivyo viwili unaweza kuutafuta kwenye vitabu vya kaunti.

Andika kilichosemwa kwa maneno ya msemaji. "Maji ni shida" haikusaidii kitu. Mama wa Bamba akikuambia kioski kimefungwa tangu pampu iharibike na sasa wananunua kwa mtungi, andika hivyo, pamoja na bei ya mtungi. Mvuvi wa Matsangoni akilalamika kwamba hakuna barafu na samaki wake huuzwa kwa bei ya kutupa ifikapo mchana, andika. Hayo mawili yako ndani ya mamlaka ya kaunti, na mtu aliyekaa makao makuu hayajui kwa kiasi hicho.

Wanawake huzungumza kidogo penye wanaume wengi, na vijana huzungumza kidogo penye wazee. Tenga nafasi ya kila kundi. Watu wenye ulemavu watembelee nyumbani, kwa kuwa mara nyingi mkutano wenyewe umefanywa mahali wasipoweza kufika. Wazee wa Kaya, wale walinzi wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na wazee wa mtaa waone mapema, kwa heshima zote, na uwaambie kwamba umekuja kusikiliza. Usiwaombe baraka za kisiasa siku ya kwanza.

Na urudi. Watu wa mashinani wameshazoea kusikilizwa na mtu ambaye hawatamwona tena kwa miaka mitano. Rudi baada ya wiki chache na jibu lolote, hata kama ni "nimeuliza idara ya maji, wanasema pampu haimo kwenye bajeti ya mwaka huu, na hii hapa karatasi." Ukienda mara ya pili, jina lako litaanza kutajwa usipokuwepo.

Hatua ya nne: ingia kwenye bajeti ukiwa raia wa kawaida

Wengi hudhani kazi ya uwakilishi huanza baada ya kuapishwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iko wazi kwa mwananchi yeyote, leo hii. Katiba inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na mzunguko wa bajeti una tarehe zinazojulikana. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha wa kaunti hufika kufikia 28 Februari, na hapo ndipo kila idara hukatiwa kiwango chake. Makadirio ya bajeti huja kufikia 30 Aprili, na lazima yapitishwe kabla ya 30 Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza 1 Julai.

Watu wengi hujitokeza Mei, wakati makadirio yanajadiliwa, na kuomba zahanati. Kwa kawaida wamechelewa. Mradi usiokuwa kwenye mpango wa mwaka wa Septemba ni vigumu kuusukuma ndani Mei. Kwa hiyo daftari lako liwe tayari kufikia Julai au Agosti. Chagua mambo mawili au matatu yaliyotajwa na vijiji vingi, yaandike kwa ukurasa mmoja, yatiwe sahihi na wakazi pamoja na nambari zao za vitambulisho, kisha barua ipelekwe kwa karani wa bunge la kaunti na nakala kwa idara husika. Hakikisha nakala yako inapigwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, watasema hawakuiona.

Kwa miradi iliyokwama, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Raia yeyote anaweza kuiandikia ofisi ya umma kuomba nyaraka, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Soma pia ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti yako. Huchapishwa na ni ya umma, na humo mara nyingi miradi iliyolipiwa bila kukamilika hutajwa kwa jina. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka na huonyesha kaunti imetumia kiasi gani kwa maendeleo. Sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Linganisha, kisha uende nayo barazani.

Makueni, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, ilipata sifa kwa kuanzia vikao vya bajeti kijijini na kuvipandisha hadi wadi na kaunti, huku kamati za wananchi zikisimamia miradi. Kaunti yako huenda haifanyi hivyo. Hakuna sheria inayokuzuia kuanzisha kikao kama hicho kwa vijiji vitatu vya wadi yako na kupeleka matokeo yake.

Tahadhari moja kuhusu ahadi. Bajeti ya 2027/28 itapitishwa na bunge linaloondoka, kabla ya kura. Ukishinda Agosti, utaikuta imeshafungwa, na nafasi yako ya kwanza itakuwa bajeti ya nyongeza, ikiwepo. Bajeti ya kwanza kamili utakayoigusa ni ya 2028/29. Anayeahidi kujenga zahanati ndani ya siku mia moja hajaisoma kalenda, au ameisoma na anajua wewe hujaisoma.

Basari nazo zina mgogoro wao: Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizuia kaunti kuzitoa bila makubaliano na serikali ya kitaifa, magavana wakaenda mahakamani. Usifanye basari kuwa nguzo ya kampeni yako.

Hatua ya tano: chama au mgombea huru

Chama chenye mawimbi katika eneo lako kinaweza kukupa ushindi bila jasho, ilimradi upite mchujo. Na mchujo ndio uchaguzi wenyewe katika wadi nyingi. Ada ya chama huwa kubwa kuliko ya IEBC, na cheti cha uteuzi kimewahi kutolewa kwa mtu aliyeshindwa. Ikikutokea, anza kulalamika ndani ya chama, kisha uende kwenye jopo la kutatua mizozo ya vyama. Siku ni chache, hivyo wakili awe ameshapatikana kabla ya mchujo.

Mgombea huru anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kusanya majina 700 au zaidi, maana wapo watakaogundulika kuwa wamesajiliwa wadi jirani. Kabla ya yote ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukaangalie kama jina lako liko kwenye chama. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa kwenye vyama wasivyovijua. Kumbuka pia kwamba ukichaguliwa kwa chama kisha ukakihama, kiti kinakwenda, na mgombea huru akijiunga na chama baada ya kuchaguliwa, hukipoteza vilevile.

Maoni yangu: ikiwa kazi ya hatua ya tatu na ya nne umeifanya kwa mwaka mmoja na zaidi, kuwa huru si hatari kama watu wanavyosema. Ikiwa hukuifanya, huhitaji chama, unahitaji mwaka mwingine.

Ada ya IEBC mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000 kwa kiti hiki, na 2,500 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Subiri tangazo la 2027 kabla ya kulipa.

Hatua ya sita: piga hesabu ya kura na ya pesa

Mwaka 2022 kulikuwa na wapiga kura 22,120,458 waliosajiliwa na vituo 46,229. Gawanya kwa wadi 1,450: wastani ni kama wapiga kura 15,000 na vituo 32 kwa kila wadi. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 65. Basi wadi ya wastani hupiga kura elfu kumi hivi, na palipo na wagombea saba au wanane, mshindi anaweza kupita na elfu tatu. Wadi yako ina namba zake. Ziombe IEBC na ufanye hesabu hiyo kituo kwa kituo. Elfu tatu ni idadi ambayo mtu na marafiki ishirini wanaweza kuifikia kwa miguu, nyumba kwa nyumba, wakianza mapema. Huhitaji helikopta. Huhitaji hata gari la muziki kila siku.

Pesa ziingie kwenye akaunti moja, na mweka hazina awe mtu anayeweza kukuambia hapana. Mke au mume wako huenda asiwe huyo. Gharama kubwa ni nauli za timu, chakula, uchapishaji, na mawakala wa siku ya kura. Hawa wa mwisho tengea fungu lao kabla ya kuchapisha bango hata moja.

Kisha kuna lile swali. Litakuja kila siku, na lina namna nyingi: "tuachie ya maji", "hatujanywa chai", "wenzako hawakutuacha hivi." Kuwapa wapiga kura pesa au zawadi ili wakupigie ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Lakini kumtajia bibi kizee kifungu cha sheria ni utovu wa adabu. Mazungumzo yenyewe hukwenda hivi:

"Mwanangu, yule aliyepita juzi alitupa leso na mia mbili. Wewe umetuletea nini?"

"Shikamoo mama. Leso sikuleta. Nimeleta majibu ya ile barua ya zahanati mliyonituma nayo mwezi wa nne. Dawa za presha zimepangwa, na hili hapa jina la afisa aliyejibu. Nikikupa mia mbili leo, kesho ukinidai dawa nitakuambia nilishakulipa."

Baadhi watacheka. Baadhi wataondoka. Leso waliyopewa na mwingine usiwaambie waikatae. Kura ni siri, nao wanalijua hilo vizuri kuliko sisi sote. Matanga na harusi za watu wako endelea kuhudhuria kama ulivyokuwa ukihudhuria zamani, kwa mchango ule ule wa jirani. Mchango ukipanda ghafla mwaka wa uchaguzi, kila mtu anaelewa.

Usikubali pia kuwa mgombea wa ukoo. Watakuja jamaa zako na hesabu kwamba ukoo wenu una kura elfu mbili, mkijifungia mtapita. Koo nyingine nazo zinajua kuhesabu, na zitajifungia dhidi yako. Katika timu ya watu ishirini, hakikisha kila kijiji kina mtu wake, hasa vile visivyo na jamaa yako.

Hatua ya saba: kampeni rasmi

IEBC hutangaza kipindi cha kampeni. Mwaka 2022 kilianza mwisho wa Mei na kuisha tarehe 6 Agosti. Saa ni moja asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Ukiwa umefuata hatua zilizotangulia, kipindi hiki ni cha kukumbusha tu.

Chapisha karatasi moja ya pande mbili. Upande mmoja jina, picha na alama yako, pamoja na kielelezo cha karatasi ya kura ya mwakilishi wadi. Mpiga kura hupewa karatasi sita zenye rangi tofauti, na ya mwakilishi wadi imekuwa ya rangi ya krimu. Mwaka 2027 ithibitishe kwanza. Upande wa pili, orodha ya kijiji kwa kijiji: walichosema, kilichofanyika, kilichobaki. Kila kijiji kipate karatasi yake. Kazi ya kuchapa ni kubwa zaidi, lakini mtu akiona jina la kisima chao limeandikwa sawasawa, hatupi karatasi.

Zungumza lugha ya watu wako bila kuwatukana wa lugha nyingine, kwani matamshi ya chuki yana sheria yake tangu 2008. Wapinzani usiwataje kwa majina. Kwenye makundi ya WhatsApp chagua mtu mmoja wa kujibu uvumi, ajibu mara moja kwa utulivu, kisha anyamaze.

Wanawake wanaowania hupata maneno machafu zaidi, na wakati mwingine vitisho. Kila tukio liandikwe tarehe na mashahidi, lipelekwe polisi na kwa kamati ya amani ya IEBC ya eneo bunge. Usitembee peke yako jioni za wiki ya mwisho.

Hatua ya nane: siku ya kura

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni wakati huo huruhusiwa kupiga. Kura ya rais huhesabiwa kwanza. Maana yake wakala wako atakaa usiku kucha, na wengi hushindwa hapo: huondoka saa nne usiku kwa njaa, na kura za wadi huhesabiwa bila wao.

Kwa hiyo kila kituo kiwe na wakala aliyeapishwa, anayeujua mtaa, aliyekula, mwenye tochi na simu iliyojaa chaji, na anayejua atarudije nyumbani. Afahamu fomu moja kwa namba yake: 36A. Hiyo ndiyo fomu ya matokeo ya mwakilishi wadi kituoni. Aisome kabla ya kutia sahihi, achukue nakala, apige picha ile inayobandikwa mlangoni, na aitume. Akiwa na pingamizi aliandike kwenye fomu. Akigoma kutia sahihi tu bila sababu, matokeo hayabatiliki.

Wewe na watu wawili wenye utulivu jumlisheni zile 36A mahali penye umeme, kisha mlinganishe na fomu 36B itakayojazwa kwenye kituo cha kujumlisha cha eneo bunge, ambako mshindi hutangazwa.

Hatua ya tisa: kesho yake

Ukiona dosari yenye ushahidi, kesi ya kiti cha wadi huenda mahakama ya hakimu ndani ya siku 28 tangu matokeo kutangazwa na IEBC, na kuna dhamana ya gharama ya shilingi 100,000. Fomu zako za 36A ndizo ushahidi. Hasira si ushahidi, na kesi ya kulipiza kisasi itakula pesa ambazo timu yako bado inakudai. Walipe hao kwanza.

Ng'oeni mabango wenyewe. Mpigie simu aliyeshinda, au walioshindwa.

Baada ya uchaguzi kaunti huandika mpango mpya wa maendeleo wa miaka mitano, unaochukua nafasi ya ule wa 2023 hadi 2027, na miradi ya muhula mzima hutokana nao. Vikao vya kukusanya maoni hutangazwa kwa notisi fupi, mara nyingi kwenye gazeti ambalo halifiki kijijini. Uliza tarehe katika ofisi ya wadi mnamo Septemba, uwaarifu watu wa kila kijiji kilichomo kwenye daftari lako, na mfike na maandishi yaliyotiwa sahihi, uwe umekaa upande wa waheshimiwa au kwenye viti vya plastiki pamoja na wananchi wengine.